Kona ya Lugha: Kilima na ukuta wa mji, wapi na wapi?

Barua nilizochagua kwa toleo hili zote zinauliza neno moja la Kiingereza, "without". Shuleni tuliambiwa ni "bila", tukalipigia mstari, tukafunga daftari. Mimi nimeishi na neno hili pahali pawili: mahakamani hapa Tanga nilipokuwa mkalimani, na baadaye darasani nikiwafundisha wasichana wa sekondari. Pote pawili nimeona watu wenye akili zao wakipata hasara kwa sababu ya hiyo "bila" moja waliyopewa utotoni. Ndiyo maana leo sichanganyi na maswali mengine. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo Mwalimu. Ninaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu. Kwa ajili ya Ijumaa Kuu tumeletewa wimbo wa Kiingereza unaoanza: "There is a green hill far away, without a city wall." Tukautafsiri: kuna kilima cha kijani huko mbali, kisicho na ukuta wa mji. Mzee mmoja wa kanisa akatusimamisha katikati ya mazoezi: kilima na ukuta wa mji, wapi na wapi? Tangu lini kilima kikawa na ukuta hata tutangaze kwamba hiki hakina? Tukakosa jibu. Je, mwandishi alikosea?
Mwanakwaya, Muheza

Marahaba, mwanangu. Mzee wenu nimsalimie sana, maana swali lake ni lilelile ambalo watoto wa Waingereza wenyewe wamekuwa wakiliuliza kanisani kwa vizazi kadhaa. Mwandishi hakukosea. "Without" ya hapo si "bila", ni "nje ya". Kilima kiko mbali, nje ya ukuta wa mji.

Wimbo huo ni wa Cecil Frances Alexander, mama wa Ireland, na umo katika kitabu chake cha nyimbo za watoto wadogo kilichotoka mwaka 1848. Alikuwa anawafafanulia watoto Imani ya Mitume, kipande kwa kipande. Huu wa kilima unafafanua maneno "aliteswa zamani za Pontio Pilato, akasulibiwa, akafa, akazikwa". Shida ni kwamba hata mwaka huo wa 1848 maana ya "nje" ilikuwa imeshazeeka, na watoto aliowaandikia hawakuwa nayo tena midomoni. Ndiyo sababu baadhi ya vitabu vya nyimbo vilivyofuata vikaugeuza mstari huo kuwa "outside a city wall". Mkikuta nakala mbili zinatofautiana, msigombane, zote zinasema jambo moja.

Kwa nini mama huyo alilishika neno la kizee? Kwa sababu Biblia yake ililishika. Chukua Biblia ya King James ya mwaka 1611, iweke kando ya Biblia yetu ya Union ya 1952, usome mistari hii. Waebrania 13:12, Kiingereza kinasema Yesu "suffered without the gate". Sisi tunasoma "aliteswa nje ya lango". Ufunuo 22:15, "for without are dogs". Sisi tunasoma "huko nje wako mbwa". Mambo ya Walawi 13:46, mwenye ukoma akae "without the camp". Kwetu "makazi yake yatakuwa nje ya marago". Sasa rudi kwenye Waebrania haohao, sura ya 9 mstari wa 22: "without shedding of blood is no remission". Hapo Union inasema "pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo". Kitabu kimoja, neno moja la Kiingereza, sura tatu tu katikati yake, na maana mbili tofauti kabisa.

Utazitenganishaje? Tazama kinachofuata. Kikifuata kitu chenye ndani na nje, kama lango, mji, kambi, ukuta au mlango, na andiko lenyewe ni la zamani, jaribu "nje ya" kwanza. Kikifuata kitu ambacho mtu hufanya au huwa nacho, ni "bila". Katika Kiingereza cha leo maana ya "nje" imebaki kwenye mashairi na kwenye jozi ya "within and without", yaani ndani na nje. Shakespeare aliichezea jozi hiyo katika Macbeth. Muuaji anafika karamuni na damu usoni, Mfalme Macbeth anamwambia ana damu usoni, muuaji anajibu kwamba ni ya Banquo, mtu aliyetumwa kumuua, naye Macbeth anasema afadhali iwe nje yako kuliko kuwa ndani yake: "'Tis better thee without than he within." Anayesoma "bila" hapo hapati kitu.

Asili yenyewe ni hii. Katika Kiingereza cha kale, "with" haikuwa na maana ya "pamoja na". Ilimaanisha "dhidi ya" au "mkabala na". Masalia yake bado yapo: "withstand" ni kusimama dhidi ya kitu, "withhold" ni kuzuia. Likaunganishwa na "utan", yaani nje, ikapatikana "withutan", upande wa nje. Ndugu yake "within", upande wa ndani, hakuhama nyumbani na hamsumbui mtu. "Without" ndilo lililosafiri: kilicho nje yako hunacho, na usichokuwa nacho uko bila yake. Polepole maana changa ikaimeza ile kongwe.

Hapa naomba niongeze jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiria. Sisi nasi tunalo "pasipo", na ukilifungua unakuta "pa" ya mahali, "si" ya kukanusha, na "po" ya mahali tena: mahali ambapo hapana. "Bila" tuliipokea kutoka kwa Waarabu, wao husema "bi" na "la", kwa na hapana. Lakini "pasipo" ni yetu wenyewe, nayo kama "without" ilianzia mahali, ndipo ikaja kwenye kukosa. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kukishangaa Kiingereza kwa jambo hili.

Kwa uimbaji, tuni mnayotumia huenda ni ile ya kawaida ya silabi 8 na 6. Jaribuni: "Kilima chaonekana, mbali, nje ya mji." Ukuta umepotea lakini maana imesimama. Mwalimu wa kwaya asikie mwenyewe kama inakaa.

Mwalimu, shikamoo. Nafanya biashara ya viazi. Mwaka jana Fuso langu likiwa limeegeshwa kando ya barabara liligongwa na lori, nikadai bima ya mwenye lori. Juzi nimepata barua ya mawakili wao. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: WITHOUT PREJUDICE. Chini wanasema wako tayari kulipa shilingi milioni 4, "without admission of liability". Mpwa wangu aliyeko chuo anasema "prejudice" ni chuki au ubaguzi, kwa hiyo wanasema hawana chuki nami. Nimefurahi, maana wamekiri wenyewe, na nataka barua hii niipeleke mahakamani iwe ushahidi. Niendelee?
Mfanyabiashara, Makambako

Marahaba, baba. Usiipeleke. Na tafadhali usiitupe, na usisaini chochote kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Mpwa wako hakudanganya. "Prejudice" mitaani na magazetini ni chuki ya bure, ile ya kumhukumu mtu kabla hujamjua. Neno limetoka Kilatini, "prae", kabla, na "judicium", hukumu. Ila wanasheria walibaki na maana yao: kitu kinachoathiri au kudhuru haki ya mtu. Kwa hiyo "without prejudice" ni "bila kuathiri haki". Ukisoma sheria za Kiingereza utaikuta mwanzoni mwa vifungu vingi, "without prejudice to the generality of" hiki na kile, na sheria zetu za Kiswahili zinasema vizuri kabisa "bila kuathiri". Mawakili hao hawazungumzii moyo wao juu yako. Wanasema: tunakupa pendekezo hili, lakini pendekezo lisije likageuzwa likatumika dhidi ya mteja wetu. Na yale maneno ya chini, "without admission of liability", yanakaza msumari uleule: bila kukiri kwamba tunawajibika. Ulichokisoma kama kukiri, wao wamekiandika mara mbili kwamba si kukiri.

Nilikuwa mezani pangu pa mkalimani, chini kidogo ya meza ya hakimu, siku mzee mmoja alipotoa barua ya namna hiyo. Alikuwa ameifunga kwenye gazeti, gazeti akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua hati ya shamba. Akaanza kusoma kiasi cha pesa kwa sauti. Hajamaliza mstari, wakili wa upande wa pili yuko wima, anapinga. Hakimu akaomba barua, akatazama juu tu, akairudisha. Nikamtafsiria mzee: mahakama haiwezi kuipokea barua hii. Hakumtazama hakimu, alinitazama mimi, akaniuliza: "Kwani si wao walioiandika?" Mkalimani hana ruhusa ya kujibu, hutafsiri tu. Basi jibu ambalo sikuweza kumpa mzee yule nakupa wewe.

Ndiyo, wao ndio walioiandika. Lakini sheria inataka watu wenye ugomvi waweze kukaa wakasuluhishana bila hofu. Kama kila pendekezo la kulipa lingehesabiwa kuwa kukubali kosa, hakuna ambaye angependekeza kulipa, na kila jambo lingeishia kwa hakimu. Kwa hiyo maneno ya mazungumzo ya suluhu yanabaki kwenye mazungumzo. Kanuni hii ilikuwamo katika sheria ya ushahidi ya India ya 1872, kifungu cha 23, na sheria hiyo ndiyo mama wa sheria za ushahidi za Afrika Mashariki; Kenya wameiweka kwenye kifungu chenye namba hiyohiyo. Tanzania tulitunga yetu mwaka 1967 tukaifuata njia hiyo. Uingereza nao wana kanuni hiyo katika kesi zao, na Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa huko, liliithibitisha kwa nguvu mwaka 1988 katika kesi ya Rush & Tompkins dhidi ya Greater London Council.

Sasa sikiliza mambo ambayo watu wengi hawaambiwi.

Maneno hayo mawili si hirizi. Mahakama hutazama kilichomo ndani ya barua. Kama barua ni vitisho vitupu, au inaomba risiti, haijaribu kusuluhisha ugomvi wowote, kuandikwa WITHOUT PREJUDICE juu yake hakuifanyi siri. Na kinyume chake pia ni kweli: wewe ukiandika kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, kwamba uko tayari kupunguza dai lako ili mambo yaishe, mahakama inaweza kuyalinda maneno hayo hata kama hukuweka kichwa cha habari cha Kiingereza. Lakini liweke, au uandike kwa Kiswahili "bila kuathiri haki zangu", halina gharama.

Pili, ulinzi huo ni wa mazungumzo. Siku mkikubaliana, mkaandika na kusaini, makubaliano yenyewe yanakuwa mkataba kamili, na barua zilizoyazaa zinaweza kuonyeshwa kuthibitisha kwamba mlikubaliana. Hapo ndipo ninapokusihi. Kwenye hati ya kupokea hizo milioni 4 karibu hakika utakuta maneno "in full and final settlement". Maana yake dai lote limekwisha. Ukisaini, hurudi tena kudai matengenezo ya injini uliyogundua baadaye, wala viazi vilivyooza barabarani, wala siku gari lilizolala gereji. Piga hesabu ya hasara yote kwanza, na risiti zako mkononi, ndipo uilinganishe na milioni 4.

La tatu ndilo limewaumiza wengi kuliko yote. Kuandikiana barua za suluhu hakusimamishi saa. Sheria yetu ya ukomo wa madai, ya mwaka 1971, inatoa miaka 3 kwa madai yanayotokana na uzembe wa aina hii, na miaka 6 kwa madai ya mkataba. Nimeona kampuni ikiandika barua tamu, moja baada ya nyingine, kila moja na WITHOUT PREJUDICE yake, mpaka muda wa kufungua kesi ukapita. Baada ya hapo barua hazikuja tena. Iandike tarehe ya ajali ukutani, hesabu kutoka hapo.

Ukikuta siku moja wameandika "without prejudice save as to costs", hiyo ni aina nyingine kidogo. Barua inafichwa wakati kesi inasikilizwa, lakini hukumu ikishatoka na linajadiliwa suala la nani alipe gharama za kesi, inaweza kufunguliwa. Ukikataa milioni 4 na mahakama ikakupa milioni 3, wataitoa barua hiyo na kusema: tulimpa zaidi, akakataa, gharama za kuanzia hapo ni zake. Kwa hiyo pendekezo la namna hiyo lisomwe kwa makini zaidi, si kwa makini kidogo.

Mtafute wakili, hata kwa mazungumzo ya mara moja. Kama huna uwezo, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Mpeleke na mpwa wako. Kijana anayesoma chuo na anayemsomea mjomba wake barua ana faida, aongezewe tu maana hii ya pili.

Shikamoo mwalimu, niko kidato cha tatu. Nimekatwa alama kwa sentensi hizi na sijui kosa: "Our team won two without." "He left without to say goodbye." "My sister travelled without I know." "He was driving without licence." "I am without no money." Mbona zote kwa Kiswahili ziko sawa?
Mwanafunzi, Kigoma

Marahaba. Zote kwa Kiswahili ziko sawa, na ndilo kosa lenyewe: umeziandika kwa Kiswahili ukatumia maneno ya Kiingereza. Sikulaumu, kila mmoja wetu alipita hapo. Tuzirekebishe.

"Mbili bila" ni yetu sisi wa mpirani. Waingereza hapo hawana "without" kabisa, wanasema "two-nil", na Wamarekani wengi "two-nothing". "Our team won two-nil."

"Without to say" inatoka kwenye somo la darasa la tano, tulipoambiwa "ku-" ni "to": kula, "to eat", kuaga, "to say goodbye". Kumbe "ku-" ina kazi mbili. Katika "bila kuaga", kuaga limesimama kama jina la tendo, na jina la tendo kwa Kiingereza linaishia na "-ing". Kwa hiyo: "without saying goodbye", "without eating", "without knocking". Baada ya "without" usiweke "to" kamwe. Ukiishika hii moja umeshapona nusu ya makosa.

"Bila mimi kujua" inafuata njia hiyohiyo. Angalia, hata Kiswahili hakisemi "bila nilijua". Useme "without my knowing", au kwa wepesi zaidi "without telling me".

"Licence" ni kitu kimoja kinachohesabika, na Kiingereza hakikiachi kitembee peke yake: "without a licence", "without a hat", "without an umbrella". Visivyohesabika havihitaji: "without water", "without permission". Wingi nao hauhitaji: "without shoes". Sisi hatuna hicho kijineno "a", ndiyo maana tunakisahau. Mtahini yeye hakisahau.

Na "without no money": ukanushaji umeshafanywa na "without", ukiongeza "no" umekanusha mara mbili. "Without any money", au useme kama watu wanavyosema, "I have no money".

Mwalimu, salaam. Ripoti ya mwanangu kutoka shule ya bweni inasema: "He is not without ability, but he cannot do without supervision. It goes without saying that parents must attend the meeting." Mke wangu anasema wamemsifu, mimi naona wamemtukana. Nani yuko sahihi? Na hiyo ya mwisho, nani anakwenda bila kusema?
Mzazi, Mwanza

Salaam, ndugu yangu. Mama yuko karibu na ukweli kuliko wewe. "Not without" ni hapana ya hapana: si kwamba hana, yaani anao. Uwezo mtoto anao. Ila mwalimu hakusema "he is able", amesogea kwa tahadhari, kama sisi tunaposema "si haba". Ni sifa ya mtu anayepima maneno. Mwalimu wa namna hiyo mimi humwamini, kwa sababu siku akiandika "excellent" utajua anamaanisha.

"Do without" ni kuweza kuendelea pasipo kitu fulani. "Cannot do without supervision": mkimwacha peke yake hasomi. Hilo ndilo la kuzungumza naye likizo. Angalia pia ndugu yake "go without", ambayo ni kukosa na kuvumilia. Mtu akikwambia "as children we often went without", sentensi imekamilika hapo, usisubiri aseme bila nini. Anasema walikuwa wanakosa, mara nyingi hata chakula. Wengi husikia hapo wakadhani msemaji amekatizwa.

Na "it goes without saying" hakuna anayekwenda popote. Ni jambo lililo wazi kiasi kwamba halina haja ya kusemwa. Kwa kifupi, mnatakiwa mkutanoni. Nendeni wote wawili kama mnaweza.

Shikamoo Mwalimu. Nipo Glasgow, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ukutani kuna tangazo: "Outwith these hours please call the number below." Nilidhani ni kosa la kuandika "without", nikataka kumwambia msimamizi. Kabla sijaaibika, nimeona nikuulize.
Mlezi wa wazee, Glasgow

Marahaba, mwanangu, na pole na baridi. Umefanya vyema kuuliza. Si kosa. "Outwith" ni neno halali la Uskoti, na linatumika huko kila siku, kwenye barua za serikali, hospitalini, kwenye mikataba ya kazi. Vipande vyake ni vilevile vya "without", vimebadilishana nafasi tu, na maana yake ni ileile kongwe niliyomweleza mwanakwaya wa Muheza: nje ya. Waingereza wa kusini walipoiacha "without" iende kwenye kukosa, ilibidi wachukue "outside" kwa kazi ya zamani. Waskoti walikuwa na "outwith", wakabaki nayo.

Kwa hiyo tangazo linasema: nje ya saa hizi, piga namba iliyo hapa chini. Ni muhimu ulisome hivyo, kwa sababu kama mzee akizidiwa usiku, namba ya kupiga ni hiyo ya chini, si ile ya ofisi. Mikataba nayo itakuandikia "work outwith your normal hours", kazi nje ya saa zako za kawaida. Ukiona hivyo, uliza malipo yake ni kiasi gani kabla ya kukubali zamu.

Unapoandika ripoti ya zamu hapo, litumie bila wasiwasi, mkuu wako atalielewa. Ukihamia London, andika "outside", maana huko wengi watakuuliza ulichoniuliza wewe.